Fua, Vua, Mvua: Herufi na Majina ya Pwani ya Kusini

Mwandishi wa Vanga au Wasini wa miaka mia mbili iliyopita, akitaka kuandika fua, aliweka fe, wau na alifu. Akitaka kuandika vua, aliweka herufi zilezile. Akitaka kuandika mvua, mara nyingi zilikuwa hizohizo, kwa kuwa ile m inayotangulia v haikuwa na desturi ya kuandikwa. Kazi ya dobi, kazi ya mvuvi na neema ya masika zikakaa pamoja katika herufi tatu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa pata, bata na mbata, maana be moja ilibeba b, p, mb na mp bila kubadilisha sura. Irabu nazo zilikuwa na alama tatu tu, hivyo o na u zikashirikiana, e na i zikashirikiana, na mtu aliyeandika pole aliandika pia buli. Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote tulizobakiwa nazo, zile zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 na kuhifadhiwa Goa, zimeandikwa kwa mtindo huohuo, na kwa muda mrefu baadaye pwani nzima iliutumia kwa biashara, mashairi, nasaba na fatwa.

Maneno marefu hayana taabu hiyo. Neno lenye silabi tano, hata likipungukiwa na herufi moja, hujieleza kwa zile zilizobaki. Neno fupi halina akiba. Herufi moja ndani yake ni nusu ya maana, na ikiyumba, neno zima limekwenda. Ndiyo maana mtu anayetaka kupima maandishi yoyote, yawe ya Kiarabu, ya Kirumi au ya kamati iliyoketi mezani, aanzie kwenye maneno mafupi yanayofanana. Nikiyapima hivyo maandishi yaliyopita katika pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Waa na Tiwi kushuka Diani, Msambweni, Shimoni hadi Vanga, naona kasoro haikutoka kwenye umbo la herufi. Ilitoka kwa waliopanga herufi bila kuwauliza wenye midomo inayoyasema maneno hayo. Kila mara wenyewe walipoulizwa, au walipojitwalia kazi hiyo, herufi zilitosha.

Ipo hoja ya kujibiwa mapema. Msomaji wa Kiswahili, watasema wengine, hakuwahi kusoma neno moja moja, alisoma sentensi. Barua ikisema jahazi limepakia magunia ya kitu fulani kwenda Mombasa, hakuna atakayesoma bata, kwa sababu bata hawatiwi magunia, na mbata ndiyo biashara ya watu wenye minazi. Shairi nalo lina mizani na vina, na kina kikiwa ni -le msomaji hatasema -li. Haya ni kweli, na yanaeleza kwa nini maandishi hayo yalidumu karne nyingi bila kuleta maangamizi. Walioyatumia walikuwa wasomi wa lugha yao wenyewe, na kilichokosekana katika karatasi kilikuwa kichwani mwao. Lakini utetezi huu unalinda maneno yenye jirani. Haulindi jina. Jina la mto, la mji au la mtu halina sentensi ya kuliokoa. Litasomwa jinsi lilivyoandikwa, na kama anayelisoma hajapata kulisikia, atalisoma kwa mdomo wa kwao.

Hilo ndilo lililotokea katika karne ya 19, na lilitokea hapa hapa. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana kugawana bara lililo nyuma ya pwani ya Sultani wa Zanzibar, zilihitaji mahali pa kuanzia mstari. Zikachagua mlango wa mto, na katika mkataba mto huo ukaandikwa kwa majina mawili, Wanga au Umbe. Tazama herufi hizo. Vanga ni mji, na W yake ni ya Kijerumani, ambayo kwa Mjerumani hutamkwa v. Mwingereza akiisoma anasema kitu kingine kabisa. Umbe ni Umba iliyoharibika irabu ya mwisho, mto unaoshuka kutoka milima ya Usambara na kumwaga maji baharini karibu na Vanga. Na kando ya majina hayo mawili kuna la tatu ambalo waandishi wa mkataba hawakulitaja, Vumba, jina la dola ndogo ya madiwani waliotawala kwa siwa na ngoma kabla Wazungu hawajafika, na la watu wanaokaa mpaka leo Wasini, Vanga na Jimbo. Umba, Vumba, Vanga: ni majina mafupi yanayogawana herufi, yanayokaa ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu, na kila moja lina maana yake. Kwa mtu wa huko hayajawahi kuchanganyika. Katika karatasi za Ulaya mto ukapewa jina la mji.

Mkataba wa 1890 ulirudia mlango wa Mto Umba kama mwanzo wa mpaka, na mwaka 1893 ndipo mstari ulipoanzishwa wazi katika Ras Jimbo, Vanga ikabaki upande wa Waingereza. Sitaki kusema kwamba tahajia ndiyo iliyochora mpaka. Mpaka ulichorwa na tamaa ya madola mawili, na hata majina yangeandikwa kwa usahihi wote mstari ungepita vilevile moja kwa moja kuelekea ziwa Jipe, ukiwakata Wadigo na Wasegeju sehemu mbili. Ninachosema ni kwamba herufi zile zinatuonyesha umbali waliokuwa nao waliokuwa wakikata. Mtu aliyepata kuketi na diwani mmoja wa Vumba, au na nahodha mmoja wa Vanga, kwa nusu saa tu, asingeandika mto kwa jina la mji. A. C. Hollis, ofisa Mwingereza, alipoketi nao kweli na kuchapisha mwaka 1900 maelezo yake juu ya historia ya Vumba, majina yalitulia, na masimulizi ya nasaba za madiwani tunayoyategemea hadi leo kwa sehemu kubwa yanatokana na kuketi huko.

Gazi nayo ilipata majaliwa kama hayo. Ulipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, ambaye mwaka 1895 alipigana na Waingereza mpaka akavuka kwenda kwa Wajerumani mwaka uliofuata, mji huo ulijaa katika ripoti za vita kwa jina la Gasi, na Wasini ikawa Wasin, imekatwa irabu ya mwisho kana kwamba Kiswahili kinakubali neno kuishia hewani. Baadaye sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipotaka kila anayedai kipande cha ardhi pwani aandikishe dai lake, tahajia ya jina la shamba na la mwenyewe ikageuka jambo la daftari la serikali. Kutoka hapo herufi hazikuwa tena mambo ya wanachuoni.

Turudi nyuma kidogo, kwa Johann Ludwig Krapf, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kuandika lugha za sehemu hizi kwa herufi za Kirumi na pia ndiye aliyetoa sababu zake waziwazi. Alifika Mombasa mwaka 1844, na kwa msaada wa kadhi Sheikh Ali bin Muhiyidin akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Katika sarufi yake ya 1850, iliyokitazama Kiswahili pamoja na Kinyika, yaani lugha za Mijikenda, alieleza kwamba herufi za Kiarabu hazitoshi sauti za lugha hizi, na kwamba zaidi ya hapo zingeufungulia Uislamu njia ya kwenda bara. Sababu mbili hizi zimesemwa pamoja mara nyingi mno baada yake hata zikaonekana ni moja. Ni mbili. Ya pili ilikuwa ya dini, na mtu anaweza kuielewa kwa mmishonari bila kuikubali. Ya kwanza ndiyo ya kupimwa kwa lugha, na haisimami kama alivyoisimamisha. Waajemi walikuwa na p na ch ambazo Waarabu hawana; wakaongeza nukta. Waturuki wa Uthmani na waandishi wa Kiurdu walifanya hivyo pia. Na herufi za Kirumi zenyewe, alizozipendelea, hazina sh, wala ch, wala dh, wala gh, wala ng'. Ilibidi ziunganishwe mbili mbili na kutiwa kibainishi. Kama Kirumi kiliruhusiwa kurekebishwa, kwa nini Kiarabu kihukumiwe kwa sura yake ya asili?

Jibu la vitendo lilitoka Mombasa kabla ya karne kwisha. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, ndiye aliyemwandikia mmishonari W. E. Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji, na katika kazi hiyo aliongeza alama ili herufi za Kiarabu zibebe sauti za Kimvita, lahaja ya Mombasa. Inafaa kuelewa ukubwa wa kazi hiyo. Kimvita, sawa na lahaja nyingi za kaskazini na kusini yake, kina t mbili, moja ya ulimi kwenye meno na moja ya ufizi, na kina tofauti ya pumzi ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili cha bara hawaisikii: paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, na paa wa porini hutamkwa kwa pumzi, kaa la moto ni bila pumzi, na kaa wa mikokoni ni kwa pumzi. Taylor naye, katika kitabu chake cha methali cha 1891, alijitahidi kuzitia tofauti hizo katika Kirumi kwa nukta na vibainishi. Kwa hiyo kabla ya 1900 ilikuwa imekwisha onyeshwa, kwa herufi za aina zote mbili, kwamba maneno mafupi ya pwani yanaweza kuandikwa bila kuchanganywa. Kilichohitajika kilikuwa mtu wa pale aliyekaa karibu na karatasi.

Halafu ukaja wakati wa kamati. Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 uliitazama haja ya Kiswahili kimoja cha shule. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, ingawa wamishonari wa Mombasa walikitetea Kimvita. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miaka yake ya mwanzo wajumbe wote walikuwa Wazungu. Tahajia iliyotoka humo ndiyo tunayoitumia, na ina mema mengi: ina irabu tano zilizo wazi, fua haigongani tena na vua, pole imeachana na buli, na kibainishi kinatenganisha ng'oa ya kung'oa mti na ngoa ya wivu. Lakini ilifuta pumzi na ikaunganisha t mbili. Paa na paa wakakutana tena katika ukurasa, kaa na kaa vilevile, na kamusi ya Johnson ya 1939 ikalazimika kuyaorodhesha maneno hayo moja baada ya jingine kama watu wasiojuana wenye jina moja. Maandishi ya Kiarabu yalilaumiwa kwa kuchanganya bata na mbata. Ya Kirumi yakachanganya kaa wa baharini na kaa la jikoni, na hayakulaumiwa na mtu.

Hapa pana hoja nzito kuliko ile ya kwanza, na sitaki kuipita haraka. Watasema: lugha ya shule kutoka Lamu hadi Kigoma isingeweza kubeba kila pumzi ya kila bandari. Mtoto wa Tabora asiyesikia tofauti ya paa na paa angeandikaje alama asiyoisikia? Umoja una gharama, na pwani ililipa sehemu yake. Nakubaliana na kiini cha hoja hii. Kiswahili kilichoandikwa kwa namna moja kimewapa Waafrika Mashariki kitu ambacho lugha chache za bara hili zimekipata, na aliye Msambweni anasoma gazeti la Dodoma bila taabu. Nisichokubali ni mruko unaofuata, kwamba kwa kuwa shule zilihitaji tahajia moja, basi sauti zisizoingia humo hazina haki ya kuandikwa popote. Tahajia ya pamoja ni makubaliano ya kutosikilizana katika mambo fulani kwa faida ya kusikilizana katika mengine. Si hukumu juu ya matamshi ya mtu. Mwalimu aliyemkosoa mtoto wa Wasini kwa kusema anavyosema nyumbani, akiwa na kitabu mkononi, aliugeuza mkataba wa uandishi kuwa sheria ya mdomo, na hilo kamati haikuwa na mamlaka nalo.

Wakati huohuo kamati inaanza, Mombasa ilionyesha njia nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyezaliwa 1891, alianzisha mwaka 1930 karatasi yake ya Sahifa na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa, p, v na ch zikiwa na alama zake. Hakuwa akitetea ukale. Alikuwa akizungumza juu ya elimu, siasa na mageuzi ya Waislamu wa pwani, na aliona kwamba wasomaji wake wamejifunza kusoma chuoni, kwa hiyo awafuate kwa herufi wanazozijua. Kazi hiyo haikukatika hapo. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapitio ya historia ya maandishi haya na mapendekezo kamili ya kuyafanya yatoshe sauti za Kimvita. Kutoka Sikujua hadi Sheikh Yahya ni zaidi ya miaka mia moja ya watu wa mji mmoja wakijibu swali lilelile kwa ustadi, na vitabu vingi vya historia ya Kiswahili vinasema tu kwamba herufi za Kiarabu hazikufaa.

Pwani iliyo kusini mwa Likoni haikupata gazeti lake. Ilichopata, ikiwa imechelewa, ni sikio la H. E. Lambert. Mwaka 1957 kamati ileile ya Kiswahili, ikiwa wakati huo Makerere, ilitoa uchunguzi wa Lambert juu ya lahaja ya Wavumba, na mwaka 1958 ukafuata wa watu wa Funzi na vijiji vya jirani. Mtu akitazama majalada tu ataona kilichokuwa kimefichwa: kimoja kinaitwa Ki-Vumba, cha pili Chi-Chifundi. Watu wanaovua katika ghuba zinazopakana, wenye nasaba zinazoingiliana, kiambishi cha lugha yao kimebadilika kutoka ki kwenda chi, na herufi hiyo moja inamwambia msikilizaji wa Shimoni mzungumzaji anatoka upande gani. Kitabu cha shule kilichoandika ki kila mahali hakikusema uongo, ila kilinyamazia jambo ambalo kila mvuvi analijua. Padri Charles Sacleux alikuwa ameyagusa mambo haya katika sarufi yake ya lahaja ya 1909, kwa Kifaransa. Maarifa yalikuwepo muda wote. Yaliandikwa kwa ajili ya wasomi wa mbali, na darasa la Kwale halikuyaona.

Chidigo ndicho kilichongoja kuliko vyote, na Wadigo ndio wengi katika pwani hii, kutoka Matuga hadi Lunga Lunga. Ni lugha ya Mijikenda, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na undugu wenyewe unadanganya herufi. Maji ni madzi. Tano ni tsano. Ki ni chi. Mahali ambapo Kiswahili kina p ya kupa, Chidigo kina sauti ya midomo miwili inayokaribiana bila kugusana, ambayo si p, si f wala v. Ukiiandika kwa p umekifanya Chidigo kuwa Kiswahili kibovu. Ukiiandika kwa f au v umesema sauti nyingine. Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka Nairobi mwaka 2004 kwa kazi ya Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu, inatumia ph: kupha ni kupa, kuphiya ni kwenda. Ni uamuzi mdogo ukiutazama, lakini ulifanywa na wasemaji wakiwa mezani, na unashika pale hasa ambapo maneno mafupi huvunjika.

Upo upinzani dhidi ya ph, na unatoka kwa watu wenye nia njema. Mtoto wa Ukunda atakutana na ph katika somo la Kiingereza na ataambiwa ni f. Saa moja baadaye ataikuta katika Chidigo na ataambiwa siyo. Je, hatuwarundikii watoto mzigo? Mzigo huo mbona ameubeba siku zote. Herufi c peke yake katika Kiingereza ni k leo na s kesho, na katika Kiswahili haipo ila ikiandamana na h. Mtoto wa pwani aliyepita chuoni amesoma kwa herufi zinazoanzia kulia, na alasiri akasoma kwa zinazoanzia kushoto, na hakupotea. Wanaochanganyikiwa na herufi moja yenye kazi mbili ni wale ambao hawakupewa lugha ya pili kwa maandishi, na tiba yake ni kuwapa.

Hoja ya mwisho ni ya wazazi wenyewe, nami naiheshimu kuliko zote: Chidigo tunacho nyumbani, shule itupe Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa hizo ndizo za mtihani na za kazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola iendeleze lugha za asili, lakini ibara haimlishi mtu, na mzazi ana haki ya kuuliza faida. Faida ya kwanza iko katika Kiswahili chenyewe. Mtoto ambaye ameona madzi na maji vimeandikwa vikiwa maneno mawili ya lugha mbili, kila moja halali kwao, hatayachanganya katika insha. Aliyeambiwa kwamba moja ni kosa la jingine ataandika kwa woga, akibahatisha, kama karani wa 1886 aliyebahatisha kati ya Umba na Vanga. Faida ya pili ni ya majina. Kaya Kinondo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, na majina ya miti, mapango na koo yaliyomo katika kaya hizo bado yanaandikwa na kila mgeni kwa tahajia yake. Kazi ya kuyaandika kwa herufi za wenyewe, jina kwa jina, wazee wakiwa hai na wakisikilizwa, inawezekana sasa kwa vifaa vilivyopo: kamusi ipo, sarufi ya Chidigo ya Steve Nicolle ipo tangu 2013, na wasemaji wapo kila kituo cha matatu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga.